Saizi Yangu

Mwanamke wa Pwani hufundwa kubana. Akivunja ungo, akiolewa, akitoka arobaini ya uzazi, kila hatua somo anakuja na dawa yake: hii ya kunywa, hii ya kujifukiza, hii ya kukalia kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Ukipita masoko ya Tanga ukauliza kwa sauti ya chini utaletewa shabu iliyosagwa, utaletewa na mizizi isiyo na jina, na muuzaji atakuapia kwamba mzee atakukuta mwali. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona magauni ya maharusi kwa zaidi ya miaka 20, nimekaa na wanawake wamejifunga kanga wakisubiri gauni lipunguzwe kiuno, na maneno yanayosemwa hapo nimeyasikia yote. Dawa ya kutanuka sijawahi kusikia mtu akiiulizia. Kwa hiyo mwili wangu ulipojifunga, sikujua nimwulize nani.

Ugonjwa wenyewe nitaupita haraka. Nilikuwa na miaka 41. Nilianza kuona damu kila nikikutana na mume wangu, nikasema hedhi inayumba kwa ajili ya umri. Siku hizi kuna vituo vya afya vyenye huduma ya kupima kwa siki: wanapaka siki kwenye shingo ya kizazi, na penye chembe zilizobadilika panageuka peupe. Kwangu daktari hakuhitaji hata hiyo siki. Alichukua kinyama, majibu yakarudi saratani ya shingo ya kizazi, hatua ya pili. Hii ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na chanzo chake karibu mara zote ni kirusi cha HPV, ambacho watu wengi hukipata kwa kujamiiana na mwili ukakiondoa bila wenyewe kujua. Chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14; tangu 2024 ni dozi moja, kwa wa miaka 9 hadi 14. Binti yangu Nasra amechanjwa. Mie nilizaliwa mapema mno.

Nilipigwa mionzi ya nje siku tano kila wiki, na siku moja katika hizo natundikiwa dripu ya sisplatini inayogeuza tumbo mpaka harufu ya wali ikawa adui. Ikafuata mionzi ya ndani. Hapo unaingiziwa mirija ukeni mpaka kwenye kizazi, watu wote wanatoka chumbani, chanzo cha mionzi kinapita katika mirija kwa dakika chache, kisha kinarudi kwenye mashine yake. Chanzo kikirudi, mionzi yote imeondoka nacho. Ninalisema hili mapema kwa sababu litarudi pale kwa mume wangu.

Mionzi iliua uvimbe. Lakini uke ni nyama laini yenye vimishipa vidogo vya damu, na vimishipa hivyo havistahimili. Vikifa, nyama inakuwa nyembamba na kavu, makovu yanaota, na kuta za juu kabisa, kule jirani na shingo ya kizazi, zinaweza kugandana. Uke unafupika na kukaza. Ovari nazo huzimika, hedhi inakatika kabla ya wakati wake, na ule unyevu wa asili unakwenda nayo. Joto la usiku lilikuwa likinifanya nilale na kanga iliyolowekwa maji, niko Tanga, mwezi wa Februari.

Aliyenifungua macho ni muuguzi wa zamu, mwanamke wa makamo, siku ya kuruhusiwa. Alisukuma mlango ukafungika, akakaa kitandani kwangu.

“Mama Nasra, mkirudi nyumbani mtalala pamoja na baba?”

Nikatazama ukuta. Akaendelea kama anayezungumzia dawa za malaria. Akasema usipojizoeza utafunga, na ukifunga sana kufunguka ni kazi. Kisha akasema jambo lililonifanya nigeuke nimtazame: hata kama mume humtaki tena maishani, sisi huku tutahitaji kukuingizia kifaa kila baada ya miezi kadhaa tuone kama ugonjwa umerudi, na tusipoweza kukiingiza hatutaona. Ya starehe ningeyasamehe. Ya kuonekana ndani sikuweza kuyasamehe.

Akanieleza utaratibu. Usianze siku hiyohiyo; subiri vidonda vitulie, yaani kati ya wiki ya pili na ya nane tangu mionzi iishe. Ukianza, ni mara mbili au tatu kwa wiki, dakika tano mpaka kumi, na ni kazi ya muda mrefu, usidhani ni ya mwezi mmoja. Unatumia kidole chako, au unatumia dileta, yaani vijiti laini vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, vinavyokuja kwa seti kuanzia chembamba. Pale hospitali hawakuwa nazo za kumpa mtu. “Anza na kidole,” akasema, “kidole hakina duka.”

Nilianza nacho, na nashukuru nilianza nacho, kwa sababu kidole kinarudisha habari. Kijiti hakikwambii kitu. Nililala chali, magoti juu, mto chini ya nyonga, jeli ya maji tele, nikajipeleka taratibu. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba njia haiendi juu moja kwa moja kama nilivyodhania. Inainamia nyuma, kuelekea kiunoni, na ukisukuma kwenda juu unagonga kibofu na kuumia bure. La pili, mlango wenyewe haukuwa na tatizo kubwa. Ulikuwa mkavu, unawasha, lakini ulinipitisha. Tatizo lilikuwa ndani. Kidole kilifika mahali kikakuta ukuta, mahali ambapo zamani hapakuwa na ukuta. Nilitoka na tone la damu kwenye kitambaa nikalia mpaka Nasra akagonga mlango. Muuguzi alikuwa ameshaniambia kwamba tone dogo si la kukimbilia hospitali. Damu ikichuruzika, au maumivu yasipokata, hapo ndipo uende.

Wifi yangu anaishi Leicester, anafanya kazi ya kulea wazee. Nilimpigia nikamzungushia maneno mpaka akachoka. “Wifi, sema unataka nini.” Nikasema. Akaniambia kumbe huko Uingereza mwanamke aliyepigwa mionzi ya nyonga anapewa dileta na wauguzi wa saratani na kufundishwa kuzitumia, wala hakuna anayeshangaa. Akaninunulia seti akaituma.

Sasa kuna sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004, ambayo inakataza kuingiza picha za ngono na vitu vya aibu kwa jumla, na kijiti laini cha plastiki chenye ncha ya mviringo hakijielezi chenyewe. Kifurushi kikazuiwa. Nikaitwa. Kijana aliyekifungua alivitoa vijiti kimoja kimoja akavipanga mezani kwa urefu, kidogo mpaka kikubwa, na wenzake wawili wakasogea wakijifanya wanatafuta kalamu.

“Mama, hivi navyo ni vya nini?”

“Vya saratani.”

“Saratani ya wapi?”

Nikamwambia ya wapi, kwa jina lake la Kiswahili, kwa sauti ile ninayotumia mteja akikataa kulipa. Kalamu zikapatikana ghafla. Dada mmoja aliyekuwa meza ya pili akaja, akavirudisha vijiti ndani ya boksi, akalifunga kwa gundi, akasema, “Shangazi, lete barua ya daktari, kitatoka.” Daktari aliandika mistari mitatu kwamba ni kifaa tiba na ni cha mgonjwa wake. Kikatoka.

Na baada ya heshima yangu yote kumwagika mezani pale, seti haikunifaa.

Hapa ndipo ufundi wangu uliponisaidia. Nguo za dukani hukatwa kwa kudhani kwamba mtu akinenepa anarefuka pia: namba ikipanda, kiuno kinapanda, na mkono na pindo vinapanda navyo. Mwanamke mwembamba mrefu anabaki na mikono inayoishia kwenye kiwiko, na mfupi mnene anafagia barabara. Nusu ya riziki yangu inatoka kwenye kosa hilo. Nilipovilaza vile vijiti mezani kwangu na kuviwekea futikamba, nikaona ni kosa lilelile. Cha kwanza kilikuwa chembamba kama kidole cha mwisho, na kifupi. Kila kinachofuata kilinenepa na kurefuka kwa pamoja. Mie nilihitaji chembamba kirefu. Vyembamba vyote vilikuwa vinaishia kabla ya kufika penye kovu, na kile cha kwanza chenye urefu wa kufika kilikuwa kinene ambacho nyama yangu iliyokauka haikukikubali hata kidogo.

Nilirudi kwa muuguzi na boksi langu. Akacheka, akasema seti kama hii inamfaa zaidi mwenye shida ya mlangoni: wapo wanawake ambao misuli ya mlango wa uke hujikaza yenyewe kila kitu kikikaribia, wala hawajaugua saratani wala chochote. Huyo anahitaji ngazi ya unene, hatua ndogondogo, mpaka misuli izoee kwamba hakuna hatari. Urefu si shida yake. Aliyepigwa mionzi mara nyingi shida yake iko juu, kwenye kina, kwa hiyo anahitaji kitu kinachofika, chenye ncha butu ya mviringo ya kutenganisha kuta bila kuchoma. Akanipima kwa kifaa chake akaniandikia kwenye kikaratasi sentimita za kina na za upana. Nikakipokea kikaratasi kile kama ninavyowapokelea wateja wangu vipimo vyao, nikampigia tena wifi, na safari hii nikamwambia namba. Vinauzwa kimoja kimoja pia. Kumbe hata hilo hatukujua.

Baadaye nilitamani kujua kama ni mimi tu niliye na umbo la ajabu. Sivyo. Mwaka 2005 madaktari wa London walichapisha vipimo vya wanawake 50 ambao hawajafikia ukomo wa hedhi na wasio na ugonjwa wa sehemu hizo. Uke mfupi kuliko wote ulikuwa sentimita 6.5, mrefu kuliko wote 12.5, karibu mara mbili. Midomo ya ndani ilikuwa na urefu wa kuanzia sentimita 2 mpaka 10. Toka kisimi mpaka tundu la mkojo, kuna aliyekuwa na sentimita 1.6 na kuna aliyekuwa na 4.5. Hao wote ni wazima. Sasa ongeza aliyezaa na kuchanika, ongeza ambaye kizazi chake kimelalia nyuma, ongeza aliyekeketwa utotoni, ongeza mie. Halafu mtu anakwambia hii ni saizi ya wote.

Kwenye benchi la kliniki nilikaa na mama mmoja kutoka Mara ambaye alikuwa amekatwa akiwa mtoto. Yeye mionzi ilimfanyia kama mimi, lakini kovu lake la zamani lilikuwa mbele, juu ya mlango, na kitu chochote kigumu kikipita kinasugua hapo. Mie kijiti kigumu ndicho kilichonisaidia, maana cha silikoni laini kilikuwa kinajipinda kikifika penye kovu na kurudi bila kufanya kazi. Kwake cha silikoni ndicho kilichowezekana, kilichopozwa kidogo kwenye maji baridi, kikiingizwa kwa kulalia ubavu. Tulikuwa na ugonjwa mmoja, daktari mmoja na benchi moja, tukatoka na vifaa viwili tofauti kabisa.

Kuhusu mafuta, nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona mengi. Jeli iwe ya maji, isiwe na harufu wala ya kupasha joto. Ya silikoni usiipake kwenye kifaa cha silikoni, inakiharibu uso. Mafuta ya nazi mazuri kwa nywele, lakini kama mnatumia kondomu ya mpira yanailegeza inapasuka. Shabu, limau, moshi wa udi, sabuni za manukato: nyama iliyopigwa mionzi ni nyembamba kama karatasi ya sigara, na hivyo vyote vinakausha au kuunguza. Nilimkatalia moshi hata somo wangu.

Kumkatalia somo si jambo dogo. Bibi huyu ndiye aliyenicheza, ndiye aliyeninong'oneza usiku wa kuingia ndani, na akija nyumbani namwamkia nimeinama. Alipopata habari kwamba sijambo lakini nimekaza, alikuja na chetezo na kifurushi cha mavumba. “Shikamoo bibi.” “Marahaba mwanangu, vua ukae hapa juu ya moshi.” Nikamwambia daktari kakataza. Akanuna. Ili nimtoe kwenye hasira nikaleta boksi, nikamfungulia.

Alivaa miwani. Akavishika kimoja kimoja, akavipitisha kiganjani kama anayekagua shanga.

“Mumeo anajua?”

“Anajua, bibi.”

“Na hili likubwa la nani?”

“Halina mtu. Limekuja na wenzake.”

Akacheka mpaka akajishika kifua. Kisha akanyamaza, akageuza kile chembamba, akaniuliza kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake: mwanamke aliyefiwa na mume zamani, akakauka kwa uzee mpaka akienda haja ndogo anawaka moto, naye ana chake humu? Nikaelewa nani anayeulizwa. Nikamwambia huyo hahitaji kijiti kwanza, aende kwa daktari wa wanawake. Ipo dawa ya kupaka ukeni yenye homoni ya estrojeni kidogo kwa wakavu wa uzee, daktari akiona inamfaa. Bibi amewafunda wanawali nusu ya mtaa wetu, na huenda hiyo ikawa mara ya kwanza kumwuliza mtu jambo la mwili wake lisilomtaja mwanamume ndani yake. Chetezo alikiacha kwangu. Natumia kufukiza nguo.

Baba Nasra ni dereva wa lori, mtu wa maneno machache. Tangu nirudi alikuwa analala sebuleni, anasema joto. Nilidhani ananikinai. Siku muuguzi alipotuita wote wawili ndipo yalipomtoka: aliogopa mionzi itamrukia, akaogopa saratani itamwambukiza, na zaidi ya yote akaogopa ataniumiza. Muuguzi akamjibu moja moja. Mionzi haimo tena mwilini mwake. Saratani haiambukizwi. La kuumiza ni kweli linawezekana, kwa hiyo mtamfuata yeye, akisema simama mnasimama. Mume wangu akatikisa kichwa kama anayepewa maelekezo ya njia. Usiku huo akarudi chumbani, akalala kwa kujibana ukingoni mwa kitanda.

Zoezi nililifanya kwa taarabu. Nyimbo za taarabu za kisasa zina faida ambayo hakuna aliyeitangaza: ni ndefu. Wimbo mmoja ukiisha na dakika kumi zimeisha. Unaingiza taratibu, unatulia, unavuta pumzi, unazungusha kidogo kulia na kushoto, unatoa, unaosha kwa sabuni isiyo na harufu. Kuna siku nilikuwa nakiangalia kile kijiti kwa chuki nikakitupa chini ya kitanda. Kuna wiki niliruka, na nyama ilinieleza mara moja kwamba nimeruka. Lakini kikaratasi cha vipimo kilikuwa kinasonga. Kina kilirudi nusu ya kilichopotea, kikasimama hapo. Daktari wangu sasa anaingiza kifaa chake na kuona shingo ya kizazi yote. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza.

La starehe lilichelewa, na hapa nitaomba radhi kwa wakwe zangu kama wanasoma. Kupanuka kwa kijiti hakuleti hamu. Nilikuwa na mlango uliofunguka na nyumba isiyo na mtu ndani. Muuguzi yuleyule akaniambia kwamba wapo madaktari wanaoshauri vaibreta kwa waliotibiwa kama mimi, kwa sababu mtetemo wa nje huleta damu mahali palipokufa ganzi. Kwa watu wa kawaida hiyo ni toi. Kwangu ilikuwa kijiti cha pili.

Kwenye kitchen party moja Dar es Salaam nikaoneshwa anayeuza, kwa siri, vitu vimefungwa kwenye mfuko mweusi wa nguo. Mchangamfu, mdomo mwepesi. Alichonitolea kwanza ni lidude la waridi, lina mkono mkubwa wa kuingia ndani na mkono mdogo wa kukaa kwenye kisimi. “Mama, hii inamfaa kila mtu.” Nikalikamata, nikaliwekea futikamba palepale, akabaki kunikodolea. Umbali kati ya mikono ile miwili umekatwa kiwandani, hauongezeki wala haupungui. Kwa mwenye sentimita mbili na kwa mwenye sentimita nne hauwezi kuwa mmoja. Mmoja wao atasuguliwa mfupa na mwingine hataguswa kabisa. Na urefu wa ule mkono mkubwa ungenigonga kovu kabla ya huo mdogo kufika popote. Tena lilinuka. Plastiki laini yenye kunuka kama pazia jipya la bafuni, inayonata ukiibonyeza, mara nyingi ni PVC iliyolainishwa kwa kemikali, ina vitundu visivyoonekana, na huwezi kuisafisha ikasafika. Silikoni halisi hainuki, hainati, na isiyo na mota ndani unaweza kuichemsha kama chupa ya mtoto.

Nilichochagua ni kidogo, cha kushika kiganjani, uso mpana laini, hakiingii popote. Sababu nilikuwa nimeshaisoma. Helen O'Connell, daktari bingwa wa njia ya mkojo wa Australia, alichapisha mwaka 1998 uchunguzi wake wa kisimi, akaonesha kwamba kinachoonekana nje ni ncha tu. Kilichobaki kimo ndani, na kina miguu miwili inayotambaa pande mbili za mlango wa uke. Kwa hiyo mtu ambaye ncha yake ina maumivu au ganzi anaweza kuanzia pembeni, juu ya midomo ya nje, akafika kwenye miguu hiyo kwa mtetemo wa polepole. Kifaa chenye ncha kali kama kalamu kisingeweza kunifanyia hivyo. Chenye uso mpana kiliweza. Nguvu ya chini kabisa, juu ya kitambaa cha kanga, siku za mwanzo.

Ilichukua muda. Nilipopata kitu, kilikuwa kidogo na cha mbali, nikamwamsha Baba Nasra kumwambia, naye akauliza kama kuna mgonjwa. Sikurudi nilivyokuwa kabla. Kina kimepungua, kwa hiyo yapo maumbo ya kulala tuliyoyaacha na yapo tuliyoyagundua. Mie juu ndiyo salama, maana kipimo nashika mwenyewe. Jeli iko kando ya kitanda, haifichwi. Kuna usiku ninamwambia leo hapana, na hakuna anayehamia sebuleni.

Siku hizi wanawake huja kwangu wakisingizia dera. Namaliza kupima kifua na nyonga, nafunga daftari, hawaondoki. Wiki iliyopita alikuwa binti aliyeolewa karibuni, ndoa haijaingilika, mama mkwe ameanza kusema ana jini. Kauliza ni saizi gani anunue. Sikumtajia saizi. Nilimwuliza maumivu yako mlangoni au ndani, akijigusa mwenyewe kwa kidole inakuwaje, amewahi kufanyiwa upasuaji, kukatwa, kupigwa mionzi, kulazimishwa. La mwisho alinyamaza, nami nikaliacha hapo, nikamwandikia jina la kliniki na siku ambayo yule muuguzi yuko zamu. Kijiti kinaweza kungoja mpaka azungumze na mtu aliyesomea kusikiliza. Na kwa kuwa alinitajia dada yake aliye Muscat anayeweza kumtumia, nilimshika mkono mlangoni nikamwambia barua ya daktari itangulie, kifurushi ndicho kifuate.